Venye Tulimpumzisha Cucu

Mwezi jana niliambiwa nivue viatu kwa kliniki ya sukari hapo Nyeri mjini. Sasa, kama kuna kitu mtu wa saizi yangu hapendi kufanya mbele ya watu ni kuinama. Nilijaribu mara tatu. Mara ya nne nesi akanihurumia akazivua yeye mwenyewe. Akanilaza kitandani, akaniambia nifunge macho.

"Nitakugusa chini ya mguu na hii kauzi. Kila ukisikia nimekugusa, sema ndio."

Nikafunga macho. Nikangoja. Nikangoja tena. Nikafikiria labda ameitwa nje. Nikamwambia, "Sista, wewe anza tu, mimi niko tayari."

Akasema, "Mama, nimemaliza."

Nilicheka. Nilicheka mpaka mgonjwa wa kitanda ya pili akacheka pia, na hakuwa anajua anacheka nini. Nesi hakucheka. Akanikalisha, akatoa karatasi, akaanza kunisomea polepole kama mtu anasomea mtoto. Nitembee kila siku. Niache mkate, nikule nduma na viazi vitamu. Mboga za kienyeji. Chai bila sukari. Nilale mapema. Nisishinde nimekaa. Na tena nisikae pekee yangu, nitafute watu wa kuongea nao.

Nikamuuliza, "Sista, wewe ulijuana na cucu wangu wapi?"

Akaniangalia, akaandika kitu kwa faili. Nafikiri aliandika kwamba sasa sukari imefika kichwa.

Lakini wewe rafiki yangu, wewe mwenye ulikula nduma baridi asubuhi ukienda shule, unanielewa. Hiyo karatasi haikuwa na kitu mpya. Ilikuwa ni nyanya yangu amepigwa chapa. Nilitoka hapo nikakaa kwa benchi nje, viatu mkononi, nikingoja nisikie kitu. Huzuni, woga, chochote. Hakuna. Nilisikia tu njaa. Kwa hivyo wacha nikuambie juu ya cucu, kwa sababu kuandika hakuhitaji miguu, na mimi shule niliwacha kidato cha pili, kwa hivyo usitegemee maneno makubwa.

Tulikuwa tunaishi Tetu, kwa zile miteremko zenye ukiangusha nduma inafika mtoni kabla yako. Mama yangu alikuwa anauza mboga Nyeri, anaishi huko kwa chumba moja, kwa hivyo mimi nililelewa na cucu, mama yake. Umri ya cucu hakuna mtu alijua. Kitambulisho ilisema yake, yeye alisema yake, na alisema chifu aliandika tu akimwangalia uso. Mimi nilikuwa darasa la tano na yeye tayari alikuwa mzee, mzee kabisa, lakini alikuwa anatafuna miwa na meno yake mwenyewe. Mimi saa hii nikitaka kula miwa lazima kwanza nifikirie.

Asubuhi alikuwa anaamka kabla ya ndege. Unasikia mlango wa jikoni, unasikia akipuliza moto, halafu moshi inakufikia kitandani kama kengele. Chai ilikuwa ya maziwa mingi, sukari hakuna, si ati alikuwa anajikinga na ugonjwa, ni vile sukari ilikuwa ya wageni. Na nduma ya jana, baridi, ngumu, ile inashika koo mpaka unaona nyota. Ukilalamika anakuambia, "Tafuna, meno si ya kuonyesha watu."

Halafu mtoni. Alikuwa na ukanda wa ngozi wa kubebea mzigo, ule wamama wetu walikuwa wanaweka kwa paji la uso, mzigo unakaa mgongoni. Alikuwa ameubeba miaka mingi mpaka kichwa yake ikawa na bonde, kutoka sikio mpaka sikio. Nilikuwa nikilala karibu naye naweka kidole hapo, inaingia vizuri kabisa kama hapo ni nyumba ya kidole. Anapanda na mtungi ya maji akiongea, hata hahemi. Mimi nyuma na kajeri ka lita tano, nalia kama nimebebeshwa Mlima Kenya yenyewe, na barafu yake. Ananiambia, "Lia ukitembea. Machozi haishiki miguu."

Akitoka mtoni ni ng'ombe. Akitoka ng'ombe ni majani chai, na kikapu mgongoni, ukungu bado iko chini, vidole zake zinaenda tu kama zinashona. Mchana ni githeri, mahindi na maharagwe, na managu, ile mboga chungu nilikuwa nawapea kuku wakati hajaniangalia. Kuku zetu zilikuwa na afya sana. Jioni anapeleka majani kwa kituo, na hapo hakuwa anaenda kupima majani tu, alikuwa anaenda kusikia nani ameoa na nani amekataliwa. Akirudi anakunywa uji ya kibuyu, ile imechacha mpaka inauma ulimi, na giza ikiingia vizuri analala. Kuku na cucu walikuwa wanafunga siku pamoja.

Ukikaa sana kwa kigoda karibu na moto, alikuwa anakuambia, "Toka hapo kabla ufanane na hicho kiti." Na mimi nilikuwa napenda kigoda, ile ya kupenda mpaka mtu anasahau jina lake. Ukiniona leo utajua ni nani alishinda hiyo vita.

Lakini kitu yake kubwa ilikuwa Jumanne na Ijumaa. Hizo zilikuwa siku za ngwatio. Ngwatio ni hivi: wamama kumi na nne, wengi rika moja na cucu, wanaungana. Leo wanalima kwa huyu, siku ingine kwa yule, mpaka wamalize mashamba yote, halafu wanaanza tena. Hakuna kulipana. Mwenye shamba anapika, basi. Wanasimama mstari mmoja, wanainama, miguu imenyooka, matako juu, na jembe zinashuka pamoja. Na kelele! Mimi nikisikia mtu akisema afya, nasikia hiyo kelele. Walikuwa wanachekana vibaya sana. Kulikuwa na jirani yetu wa chini, mjane, mdomo yake ungeifungia kwa nyumba ingetokea dirishani. Huyo ndiye alikuwa anasimama karibu na cucu kila siku.

"Wakini," anamwambia, hivyo ndivyo wanaitana watu wa rika, "hiyo mstari yako inaenda wapi? Unataka kumtembelea nani huko?"

"Natafuta pahali hakuna sauti yako," cucu anajibu.

Na mtu akikosa kuja, jioni lazima aende kuonwa. Wanampata amelala, wanamkanda mgongo, wanakunywa chai yake, wanamtukana kidogo, anaamka.

Sasa, cucu alikuwa na kijana mmoja, kaka ya mama yangu, mimi nilikuwa namwita anko. Anko alikuwa amesoma, alikuwa na ofisi Nairobi, na gari. Alikuwa mtu mzuri. Nataka uelewe hivyo kutoka mwanzo, kwa sababu hii hadithi haina mtu mbaya, na hiyo ndiyo shida yake.

Kilichotokea aliniambia mwenyewe, miaka mingi baadaye, tukiwa tumekaa kwa matanga ya mtu mwingine. Alisema siku moja alikuwa kwa barabara ya kuja nyumbani, na watu watatu wa ofisi yake kwa gari. Mbele yao kuna mama mzee amebeba nyasi ya napier ya ng'ombe, mzigo kubwa, anaonekana miguu tu na nyasi. Mmoja wa wale watu akasema, "Ai, hebu simama tumsaidie huyo cucu. Kwani hana watoto?" Na anko alijua hiyo miguu. Alikuwa anaijua tangu azaliwe. Na hakusimama. Alisema wamechelewa. Akakanyaga mafuta akapita mama yake, na cucu uso iko chini, hata hakuona gari ni ya nani.

Mwezi huo huo akaanza kujenga.

Nyumba ilikuja haraka. Mabati mpya, simiti, tenki ya maji kwa kona, jiko ya gesi, televisheni ya betri, sofa. Wee, sofa! Ilikuja na karatasi ya plastiki na hatukuitoa, nilikuwa nakaa hapo mpaka nikiamka mapaja inabaki nyuma. Kila Jumamosi anko anakuja na mkate nyeupe, siagi, soseji, soda, na sukari ya kutosha kijiji. Akamtafutia cucu mfanyakazi, mwanaume wa miaka thelathini hivi kutoka upande wa Kagio, mpole, mtu wa kukamua ng'ombe na kuchuna majani. Halafu akamkalisha mama yake kwa hiyo sofa akamwambia, "Maitu, mama yangu, umefanya kazi ya kutosha. Sasa wewe ni kukaa ule."

Jirani wote wakasema cucu ameomoka, amepata maisha. Kanisani wakampigia makofi anko. Na mimi? Mimi nilikuwa mbinguni. Sibebi maji. Sili nduma. Niliingia kwa huo mkate kama panya, na nikaanza kupata hii mwili unaiona.

Cucu alijaribu kukaa. Namkumbuka hapo pembeni ya sofa, kwa ukingo tu, kama mgeni amekuja kuomba kitu na hajapewa. Jumanne ya kwanza akaamka akavaa leso ya kazi. Anko, kwa sababu alikuwa na likizo, akamwambia atulie, zamu yake itaendewa. Akamtuma yule mfanyakazi na jembe, na mimi nimwonyeshe njia.

Nilikuwa hapo kwa hivyo naweza kukuambia venye ilikuwa. Wamama kumi na watatu wamesimama na majembe, na huyu mtu amefika ametoa kofia.

"Wewe ni nani?" akauliza yule jirani mjane.

"Nimetumwa nichukue zamu ya cucu."

"Aa. Uko na wajukuu wangapi?"

"Sina."

"Mzee wako alikufa lini?"

"Mama, mimi ni mwanaume."

"Tunaona. Sasa tutaongea nini na wewe kutoka saa hii mpaka saa nane?"

Walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Lakini yule mjane hakucheka. Walimpa chakula vizuri, na mimi wakanipa, halafu wakamrudisha. "Mwambie mwenye amekutuma," mjane akamwambia, "hatujakosa mikono. Kama ni mikono tungeenda soko."

Yule mtu alirudi akaeleza vile alivyoambiwa. Anko akasema hao wamama ni wajinga, mtu anapewa kijana mwenye nguvu anakataa. Cucu? Alikuwa anaangalia televisheni, na televisheni ilikuwa imezimwa.

Baada ya hapo akaanza kuokoka sana. Kila Jumanne na Ijumaa ati kuna maombi ya wamama. Anavaa viatu za kanisa, anaweka Biblia kwa kikapu, anatoka. Na akirudi amechangamka, anakula, anacheka, anamtukana yule mfanyakazi jinsi anavyofunga ng'ombe. Nilifikiria haya maombi iko na nguvu. Mpaka siku moja nikaona viatu zake za kanisa kwa mlango. Udongo nyekundu mpaka kwa kamba. Nikaenda kwa mjane kuomba moto, ile ya kujifanya, na nyuma ya mlango wa jikoni yake nikaona jembe ya cucu, naijua na mpini wake.

Sikusema kitu wiki tatu. Cucu alijua nimejua, kwa sababu alianza kunipea minofu ya nyama.

Halafu Jumamosi moja anko akaja. Tuko mezani, mkate iko mbele yangu, na ananiuliza, akiwa na furaha tu, "Na cucu anapumzika vizuri?"

Nikasema, mdomo imejaa, "Anapumzika sana. Isipokuwa siku za kulima."

Nilikuwa mtu wa kuchekesha hata wakati huo. Nilingoja wacheke.

Nimejitetea sana hapo. Nimejiambia nilikuwa mtoto, ilinitoka tu. Lakini wewe ni rafiki yangu kwa hivyo chukua ukweli: nilijua nasema nini. Cucu akirudi kulima kabisa, maji ya tenki itaisha aseme twende mtoni. Managu itarudi. Na mimi nilikuwa nimezoea sofa. Hiyo ndiyo sababu yote. Natamani ingekuwa sababu kubwa kidogo.

Nilifikiria anko atapiga kelele, na cucu kelele alikuwa anaiweza, angemjibu wakaishia kucheka. Lakini anko hakupiga kelele. Alitoka kwa kiti yake akapiga magoti kwa simiti mbele ya mama yake, na suruali yake ya ofisi, akashika miguu yake. Hiyo miguu. Akalia. Mtu mzima, na masharubu.

"Simama," cucu akasema. "Utachafua suruali."

"Maitu, nifanye nini? Niambie nifanye nini ndio watu wajue nakupenda?"

"Hakuna mwenye ameuliza."

"Waliuliza, Maitu. Waliuliza kama hauna watoto."

Cucu akamwangalia kichwa muda mrefu. Halafu akaamka, akaenda kwa mjane mwenyewe, akarudi na jembe. Akampa mkononi. "Chukua. Nimekaa."

Anko aliiweka kwa buti ya gari akaenda nayo Nairobi. Sijui ilifanya nini huko.

Kutoka siku hiyo cucu alikaa kweli. Si pembeni, alikaa katikati ya sofa, akaegemea. Ilikuwa kama mtu amepewa kazi na anaifanya vizuri. Alikula mkate. Alikunywa soda. Alilala mchana, na usiku tunamsikia akizunguka. Mwezi wa tatu hivi magoti ikafura. Mwezi wa tano akaanza kushika ukuta akienda choo. Akapelekwa kwa daktari Nyeri, akarudi na presha na sukari na mfuko ya dawa, na anko akanunua kiti ingine laini zaidi. Wale wamama walikuwa wanakuja kumwona jioni, mwanzoni wote, wanakaa kwa hiyo plastiki wanaogopa kugusa vitu. Walikuwa hawajui wamwambie nini. Habari ya shambani inamuumiza, na habari ingine hawakuwa nayo. Wakaanza kuja wawili, halafu mjane pekee yake.

Ile bonde ya kichwa yake ilianza kujaa. Hiyo niligundua mimi. Uso ulifura kidogo na siku moja niliweka kidole, na hakukuwa na mahali pa kukaa.

Unataka nikuambie nilisikia vibaya. Sikusikia kitu. Nilitoa kidole nikaendelea na televisheni.

Karibu mwaka ukaisha. Kabla ya mvua ndefu, zamu ya kulima ikafika kwetu. Sisi hatukuwa tunangoja mtu, kwa sababu cucu alikuwa ametoka kwa ngwatio, shamba ilikuwa kazi ya mfanyakazi sasa. Lakini hiyo Jumanne asubuhi nikasikia kelele kwa njia, ile ya zamani, na nikatoka nikaona wanapanda wote kumi na watatu na majembe kwa bega. Mmoja amebeba sufuria ya githeri kwa sababu walijua kwetu hakuna mtu wa kupika. Anko alikuwa Nairobi. Mfanyakazi akatoa kofia tena.

Mjane aliingia ndani bila kubisha. "Wakini, amka. Watu wako shambani na wewe umekaa kama mkoloni."

"Miguu haitaki," cucu akasema.

"Sijauliza miguu."

Walimtoa wakimshika huku na huku. Hawakumkalisha kwa kiti, walimwekea gunia kwa ukingo wa shamba, chini ya jua. Halafu wakajipanga, wakainama, na ikaanza. Walimchekelea wakilima. Walimuuliza soda inapandwa mwezi gani. Halafu nikasikia, "Wewe wa tatu, hapo umefunika magugu, haujayang'oa. Ninakuona." Sauti yake ile. Sikuwa nimeisikia muda.

Wakalima mpaka saa saba, shamba yote. Lakini katikati waliacha mstari mmoja, upana wa jembe mbili, kutoka juu mpaka chini. Nyasi imesimama hapo pekee yake kama nywele kinyozi amesahau. Mimi nikasema wamesahau. Mjane akaniambia, "Nyamaza wewe." Halafu akamgeukia cucu. "Hiyo ni yako. Hatuigusi."

Cucu aliiangalia. Akaniita, akaniambia, "Leta jembe." Yake haikuwepo, unajua ilikuwa wapi. Nikaleta ya mfanyakazi, ile kubwa ya mwanaume. Wakamwinua. Wote wakanyamaza, na hao watu hawakuwa wa kunyamaza. Akashika mpini, akaiinua, ikashuka. Akaiinua tena. Mara ya tatu ilishuka na akabaki ameishikilia, ameegemea, mabega inatetemeka. Tulifikiria analia. Alikuwa anacheka.

"Hii jembe imenona," akasema. "Ni kama huyu mtoto."

Walicheka sana. Hata mimi nilicheka. Halafu akawaambia wamkalishe.

Mjane alichukua maharagwe kwa mfuko yake, akampa, na cucu akaangusha mbili mbili kwa yale mashimo matatu aliyochimba, akafukia na mkono. Mstari ule uliobaki ulikaa na nyasi yake. Anko alipokuja Jumamosi alimwambia mfanyakazi aimalizie, na yule mtu, mara ya kwanza tangu aajiriwe, akakataa. Alisema hiyo si kazi yake.

Cucu aliaga mvua ikiwa imekolea, kwa ile sofa, mchana, televisheni ikiongea. Watu walisema amekufa vizuri, amepumzika. Mimi nilikuwa hapo chini nikikula. Niligundua kwa sababu aliacha kunikaripia.

Wamama wale waliendelea na ngwatio bila yeye. Waliaga mmoja mmoja, polepole sana, hata yule mjane alizika watu wengi wadogo kwake na alikuwa anakuja matanga na miguu. Wa mwisho akaenda na hakuna mtu aliyechukua jembe zao. Sasa wasichana wa rika yangu tuko na kikundi, tunakutana kwa hoteli, tunakula chipsi, tunaongea juu ya magoti. Hapo Tetu miteremko iko, lakini ukisimama asubuhi husikii kitu. Kila mtu yuko na geti yake, na ndani ya kila geti kuna mzee amekalishwa vizuri na watoto wake, anaangalia nje. Anko mwenyewe amekalishwa. Nilienda kumwona, ana kiti nzuri sana, watoto wake wanampenda.

Na yale maharagwe yaliota. Mashimo matatu, katikati ya ile nyasi, yakazaa. Mama yangu alikuja kutoka Nyeri akayachuma, yalijaa mkono mmoja tu, akayapika pekee yake bila mahindi, akaweka kwa sahani moja. Tulikula mama, anko na mimi, kijiko kijiko. Nimejaribu miaka yote hii kukumbuka utamu wake. Nakumbuka sahani. Nakumbuka kijiko. Utamu, hakuna.